Maswali ya Wasomaji: Karakana ya Chuma kwa Mashine za Shamba

Barua tulizopokea kuhusu ujenzi wa karakana za chuma shambani zinafanana kwa jambo moja: karibu kila mwandishi huanza kwa kuulizia mabati, yaani rangi yake, geji yake na muda yatakaodumu. Mabati ndiyo sehemu iliyo rahisi kuliko zote kubadilishwa baadaye. Kimo cha jengo, upana wa mlango na kile kilichofukiwa ardhini havibadiliki bila kubomoa, na kwa sababu hiyo majibu ya safari hii yameegemea huko zaidi.

SWALI: Nina trekta lenye kibanda cha dereva, tela, plau, haro na mashine ya kupandia, na wakati wa mavuno hukodi kombaini ambayo mwenyewe huiacha kwangu hadi kazi iishe. Ninakusudia kujenga karakana ya chuma ya mita 9 kwa 12. Fundi aliyenichorea anasema ukuta wa mita 3 unatosha kwa kuwa trekta langu lina kimo cha mita 2.7. Je, nimsikilize?

JIBU: Ndugu msomaji, hesabu ya fundi wako inatosha kwa trekta lililoegeshwa, lakini haitoshi kwa trekta linalotengenezwa. Karakana ni mahali ambapo mashine huinuliwa kwa jeki, kibanda cha dereva hufunguliwa, na mtu husimama juu ya magurudumu akiwa na spana mkononi. Aidha, ukuta wa mita 3 hautoi mlango wa mita 3. Reli ya mlango wa kuteleza, au boksi la mlango wa kujikunja, hula sehemu ya kimo hicho, na katika fremu za chuma zisizo na nguzo za kati ile pembe ambapo nguzo hukutana na boriti ya paa huongezewa unene, ikashuka chini zaidi ya ukingo wa paa. Kimo kinachopotea kati ya ukuta na uwazi halisi wa kupita kwa kawaida ni sentimita 30 hadi 60. Kwa hiyo ukitaka kombaini yenye kimo cha mita 4 iingie bila dereva kutoa kichwa nje kutazama juu, mlango uwe na uwazi wa mita 4.3 au zaidi, na ukuta usipungue mita 4.8.

Kuhusu ukubwa wa sakafu, fanya jambo ambalo halihitaji mhandisi wala gharama. Chukua vigingi na kamba, uchore jengo lako juu ya ardhi, kisha uingize trekta lenyewe likiwa limefungwa mashine ya kupandia. Pima nafasi iliyobaki kila upande. Mtu anayefungua gurudumu la nyuma anahitaji mita 1.2 kwa uchache kati ya mashine na ukuta, na meza ya kazi huchukua sentimita 75 nyingine kabla hujamfikiria mtu anayesimama mbele yake. Watu wengi waliofanya hivyo wameongeza upana wa mchoro siku hiyohiyo. Kwa mashine ulizozitaja, mimi ningejenga mita 12 kwa 18: nafasi tatu za mita 6 kati ya fremu na fremu, yaani fremu nne na nguzo nane. Ikiwa uwezo haufiki huko kwa sasa, jenga nafasi mbili, lakini mwambie mtengenezaji kwamba fremu ya mwisho iwe na nguvu sawa na zile za kati. Wengi hupunguza chuma katika fremu ya mwisho kwa sababu hubeba nusu tu ya mzigo, na hapo ndipo mpango wa kurefusha jengo baadaye unapokwama.

Mlango uwe upande gani? Mlango ulio kwenye ncha ya jengo, chini ya pembetatu ya paa, ni rahisi kutengeneza na maji ya mvua hayauangukii, lakini mashine zitakaa kwa foleni: iliyoingia kwanza haitoki mpaka iliyo nyuma yake iondolewe. Kwa karakana ninapendelea milango miwili kwenye ubavu mrefu, kila mmoja ukiwa na nafasi yake ya mita 6, na nafasi ya tatu iachwe imefungwa. Nafasi hiyo ya tatu ina kazi yake, maana ndimo zinamokaa fito za chuma zinazokatizana kwa mshazari kati ya nguzo mbili ili jengo lisilale upande. Fundi akija kukushauri uziondoe fito hizo ili upate dirisha au mlango mdogo, mkatalie, hata kama jengo limesimama miezi kadhaa bila kutikisika.

Jambo jingine ambalo barua yako haikuligusa ni uwanja wa mbele. Trekta lenye tela linahitaji si chini ya mita 15 za kugeuka mbele ya mlango, na uwanja huo ukiwa wa tope, tope hilo litaingia ndani na kukaa kwenye kila beringi utakayoifungua. Weka mlango upande usioelekea upepo mkuu wa eneo lako, na jengo zima likae mahali ambapo maji ya mvua hukimbia, si pale yanapokusanyika.

SWALI: Tumepata nguzo za chuma imara sana. Fundi anasema jengo lenyewe ni zito, kwa hiyo msingi wa mashimo ya sentimita 40 kila upande yaliyojazwa zege unatosha. Jirani yangu anabisha. Yupi yuko sahihi?

JIBU: Jirani yako yuko sahihi, ndugu yangu, na sababu yake inastahili kuelezwa kwa tarakimu, kwa kuwa kosa la fundi wako ni miongoni mwa yale yanayoangusha majengo ya aina hii. Jengo la chuma ni jepesi. Ukijumlisha fremu, fito za kulazia mabati, mabati yenyewe na bolti zote, ukagawa kwa eneo la sakafu, mara nyingi utapata kilo 25 hivi kwa kila mita ya mraba. Upepo unaokwenda kilomita 108 kwa saa, ambao ni wa dhoruba ya kawaida tu, una mgandamizo wa kilo 56 hivi kwa kila mita ya mraba. Upepo ukipita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na mlango mkubwa ukiwa wazi upande unakotoka upepo, hewa iliyoingia nayo hulisukuma kwa ndani, jengo likawa kama tanga lililojaa. Nguvu ya kuinua inaweza hapo kuzidi mgandamizo ule kwa nusu yake.

Tuchukue nguzo moja ya fremu ya kati katika jengo la mita 12 kwa 18. Nguzo hiyo inashika paa la mita 6 kwa 6, yaani mita za mraba 36. Mlango ukiwa wazi, upepo ule unaivuta kwenda juu kwa nguvu ya zaidi ya tani 3, na uzito wa jengo unaoikalia ni kilo 900 tu. Zilizobaki, tani 2 na ushei, zinapaswa kuzuiwa na zege lililo ardhini. Zege lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa mita ya ujazo. Shimo la sentimita 40 kwa 40 kwa 40 linabeba zege la kilo 154. Ili kufikia tani 2.5 unahitaji shimo la mita 1.2 kwa 1.2 lenye kina cha sentimita 75. Hesabu hii ni ya kukuonyesha ukubwa wa jambo, wala haichukui nafasi ya mhandisi, ambaye atatazama pia aina ya udongo wako, kasi ya upepo inayotakiwa na kanuni za ujenzi za mahali ulipo, na msukumo wa kuelekea nje unaozifanya nguzo zitake kutanuka miguu. Ikiwa udongo ni mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, mhandisi huyo si wa hiari.

Bolti za kushikia nguzo nazo zitazame kwa jicho kali. Bolti zifungwe pamoja na kipande cha ubao au bati nene lililotobolewa matundu sawasawa na yale ya kitako cha nguzo, zikae hivyo hadi zege likauke, na ncha za chini ziwe zimepindwa au zimewekewa kipande cha bati ili zisichomoke. Bolti ikikaa kando kwa sentimita moja, fundi atatanua tundu kwa gesi. Zikiwa sentimita mbili au tatu, ataikata bolti na kuichomelea upya, na hapo umepoteza nguvu uliyoilipia. Kabla ya kumimina zege pima mishazari yote miwili ya jengo. Kwa mita 12 kwa 18 kila mshazari uwe mita 21.63, ukitofautiana na mwenzake kwa zaidi ya sentimita moja, vigingi virudiwe.

Siku ya kusimamisha fremu isiwe siku ya upepo. Fremu ya kwanza haina cha kuishika isipokuwa kamba za waya zilizofungwa pande zote mbili, na kamba hizo zisifunguliwe mpaka fremu ya pili iwe imeunganishwa nayo kwa fito za paa na zile fito za mshazari.

SWALI: Je, ni lazima sakafu iwe ya zege? Na ikiwa ni lazima, unene gani utabeba trekta?

JIBU: Si lazima kwa banda la kuegesha, ambako changarawe iliyoshindiliwa inatosha na hata ni bora, kwa kuwa haipasuki. Kwa karakana ni lazima, kwa sababu jeki haisimami salama juu ya udongo na nati iliyoanguka mchangani haionekani tena. Unene wa sentimita 10 ni wa gari dogo. Kwa trekta weka sentimita 15, na mahali utakapokuwa ukisimamisha jeki na stendi ongeza hadi 20. Jengo la mita 12 kwa 18 lenye unene wa sentimita 15 linahitaji zege la mita za ujazo 32.4, kwa hiyo panga kulimimina kwa vipande, kila kipande kikamilike kwa siku moja.

Kinachoharibu sakafu nyingi ni kilicho chini yake. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi wote, shindilia kifusi cha mawe kwa matabaka, tandaza karatasi ya nailoni nene ili unyevu wa ardhi usipande, kisha inua wavu wa chuma juu ya vipande vya zege ili ukae ndani ya sakafu. Wavu uliolala juu ya nailoni hauna kazi yoyote, na mafundi wanaoahidi kuuvuta juu kwa ndoano wakati wa kumimina husahau mara ya tatu au ya nne. Usiruhusu maji yaongezwe ili zege litembee kwa urahisi; maji yanayozidi ni nguvu inayotoka.

Zege litapasuka tu, na kazi yako ni kulichagulia mahali pa kupasukia. Kata mistari kila baada ya mita 4 hivi, kwa kina cha robo ya unene, mara tu zege litakapokuwa gumu kiasi cha msumeno kutong'oa kokoto, kwa kawaida siku hiyohiyo au asubuhi inayofuata. Sakafu itenganishwe na vitako vya nguzo kwa kipande laini, ili moja ikitulia nyingine isivunjike. Mwagilia na kufunika kwa siku 7 zisizopungua, na matrekta yasubiri hadi siku ya 28. Sakafu yote iteremke kuelekea mlangoni kwa sentimita moja kila mita.

SWALI: Umeme unatoka nyumbani hadi karakana, umbali wa mita 200. Taa zinawaka vizuri, lakini nikiwasha mashine ya kuchomelea taa zinafifia na chuma hakishiki. Fundi amebadilisha mashine na hali ni ileile.

JIBU: Tatizo ni waya, wala si mashine. Mkondo unakwenda mita 200 na kurudi mita 200. Waya wa shaba wa milimita za mraba 10, ambao wengi huuona mnene, una ukinzani wa omu 0.73 hivi katika mita hizo 400. Mashine ikivuta ampea 30, volti 22 zinapotea njiani, na kati ya volti 230 zilizotoka nyumbani zinafika 208. Ukitumia waya wa milimita za mraba 25, zinazopotea ni volti 9 tu. Ikiwa waya huo ni wa gharama kubwa kwako, iko njia ya kupunguza mahitaji: mashine za kuchomelea za inveta huvuta mkondo mdogo kuliko zile nzito za transfoma kwa kazi ileile. Mwenye uwezo wa kupata umeme wa fezi tatu auombe mapema, hasa akiwa na kompresa kubwa.

Fremu yote ya chuma iunganishwe na waya wa ardhi, kwa kuwa waya mmoja uliochunika ukigusa nguzo, jengo zima linakuwa na umeme. Weka pia kikata-umeme kinachohisi uvujaji wa miliampea 30 kwa soketi zote. Jenereta, kama unayo, ikae nje ya ukuta. Moshi wake una gesi inayoua bila harufu ya kumwonya mtu.

SWALI: Asubuhi vifaa vyangu ninavikuta vimelowa ingawa mvua haikunyesha. Je, bati linavuja?

JIBU: Halivuji. Usiku bati hupoa upesi kuliko hewa iliyo ndani, na unyevu wa hewa hiyo hugeuka matone ukigusa upande wa chini wa bati. Kupaka rangi ya kawaida hakusaidii. Acha uwazi chini ya kofia ya paa kwa urefu wote, pamoja na matundu ya hewa karibu na sakafu, ili hewa yenye unyevu ipande na kutoka. Na kama ujenzi bado haujaanza, tandaza blanketi la kuzuia joto juu ya fito kabla ya kulaza bati, maana kuliweka baadaye ni kazi ya mateso. Wengi huweka mabati yanayopitisha mwanga, na sehemu ya kumi ya paa inatosha, lakini mtu asiyakanyage kamwe anapopanda kurekebisha jambo. Hayabebi uzito wa mtu, na yakizeeka hufanana na mabati mengine kwa vumbi.

Ukiona vidoadoa vya kutu juu ya bati jipya, muulize fundi alilikata kwa kifaa gani. Cheche za grainda ni vipande vya chuma vya moto vinavyojipachika kwenye rangi na kuanza kutu baada ya mvua ya kwanza, na joto lake huunguza zinki ya pale palipokatwa. Bati likatwe kwa mkasi wa bati au kwa msumeno wa meno.

SWALI: Ninaweza kufunga winchi ya mnyororo kwenye boriti ya paa ili kuinulia injini?

JIBU: Hapana, labda boriti hiyo iwe ilikokotolewa tangu mwanzo kubeba mzigo huo na mhandisi akakuandikia kiasi chake. Fito za kulazia mabati ndizo hatari zaidi: ni bati jembamba lililokunjwa, nalo hujipinda ghafla bila kuonya. Nunua au chomelea fremu ya miguu minne yenye magurudumu, isimame juu ya sakafu. Inafanya kazi ileile, na inakwenda mahali injini ilipo.

SWALI: Karakana imekamilika na nafasi imebaki. Je, naweza kuhifadhi humo mbolea na madumu ya dizeli?

JIBU: Mbolea hapana. Nyingi kati yake hunyonya unyevu na kuacha chumvi inayokula zinki na chuma, na utaona kutu ikianzia kwenye vitako vya nguzo, mahali ambapo ndipo hasa hutaki kuiona. Tena mbolea ya naitreti ya amonia haipaswi kukaa jengo moja na mafuta hata siku moja, kwa kuwa moto ukizuka inaweza kulipuka. Dizeli ya kazi ya siku inaweza kuwekwa kwenye kabati la chuma, mbali na meza ya kuchomelea. Akiba ikae nje, juu ya sakafu yenye kingo inayozuia iliyomwagika isitiririke.

Kila unapochomelea, ondoa vinavyoshika moto umbali wa mita 11, na ubaki hapo saa nzima baada ya kumaliza, kwa sababu cheche iliyojificha kwenye gunia huanza kuwaka watu wakiwa wameshakwenda kula. Usichomelee tangi la mafuta kwa kuliona limekauka. Mvuke uliobaki ndani unatosha kulipasua. Chuma chenye zinki kikwanguliwe kwanza mahali pa kuchomelea, na milango iwe wazi, maana mafusho yake humpa mtu homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baadaye. Mitungi ya oksijeni isikae pamoja na ya asetilini inapohifadhiwa: itenganishwe kwa mita 6, au kwa ukuta usioshika moto wenye kimo cha mita 1.5, na yote ifungwe kwa mnyororo ikiwa imesimama wima. Kwa mbolea, jenga ghala dogo la matofali lenye sakafu iliyoinuliwa, mbali na karakana.